Mwale wa Kufukuza Ng'ombe

Vijana wangu wa mitambo, kwenye chai ya kuniaga mlinisifu mpaka nikageuka kuangalia kama kuna mstaafu mwingine amesimama nyuma yangu. Mlisema nimetunza minara ya simu kati ya Kitale na Bungoma miaka yote hiyo bila doa. Doa lipo, na nimeamua kuliandika mwenyewe kabla hajatokea mtu akaliandika vibaya. Habari za vyeo na mishahara tuziache. Vyeo vyangu mnavijua, na mishahara yangu ingewakatisha tamaa bure.

Nilianza kazi Kitale mwanzoni mwa miaka ya themanini. Siku ya kwanza sikuonyeshwa mtambo wowote. Nilipewa maji ya moto, magadi na mswaki mkuukuu, nikaambiwa nisugue vichwa vya betri mpaka ving'ae, kisha nivipake grisi. Nilisugua betri wiki tatu, nikinung'unika kimoyomoyo kwamba sikusomea udobi. Leo nasema bila kupepesa macho kwamba asiyejua kusafisha betri hana haki ya kuzungumza juu ya mawimbi. Mita yangu ya kwanza ya kupimia umeme ilikuwa na sindano inayokwama kwenye tisa, mpaka uigonge kwa ukucha ndipo isogee. Niliigonga kwa ukucha miaka kumi na mmoja, na haikuwahi kunidanganya.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa wa idara yetu. Alikuwa Bwana Gurdit, Kalasinga wa umri wa baba yangu aliyekuwa na duka la kutengeneza redio pale mjini Kitale. Vipuri vilipokosekana stoo, na vilikosekana kila Jumatatu, tulikimbilia kwake. Katika ujana wake alitumikia jeshi wakati wa vita vikuu, akiwa fundi wa rada, na alijua mawimbi ya redio kuliko wakubwa wetu wote wakichanganywa pamoja. Alikuwa mkali. Ukishika chuma cha kulehemu vibaya alikunyang'anya na kukuambia nenda kauze mboga.

Ni yeye aliyenieleza habari ya silaha za miale. Alisema kabla ya vita vile, wakubwa wa jeshi waliwaendea wataalamu wakawauliza kama inawezekana kutengeneza mwale wa redio wa kumuua rubani akiwa angani. Wataalamu wakakaa chini na kalamu. Wakaona kwamba ili kuchemsha damu ya mtu mmoja kutoka mbali vile, ungehitaji nguvu ambayo hakuna kituo cha redio duniani kilichokuwa nayo. Lakini hesabu hiyo hiyo ikawaonyesha kwamba wimbi likigonga ndege hurudi, na ukilidaka linaporudi utajua ndege iko wapi. Rada ikazaliwa hivyo. Bwana Gurdit alipenda kusema, "Waliomba mwale wa kuua, wakapewa mwale wa kuona," na alicheka kila aliposema.

Nikamuuliza kama mwale wa kuua hauwezekani kabisa. Alichukua kioo chake cha kukuzia, akanitoa nje juani, akakusanya jua kwenye kipande cha gazeti mpaka kikatoboka. Kisha akaniambia nishike gazeti nitembee nalo, yeye akinifuata na kioo. Halikuungua. Tukasimama tena, moshi ukaanza, likapita lori la mahindi likatimua vumbi, na moshi ukafa. Akarudi ndani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba silaha ya namna hiyo hutaka mambo manne: nguvu nyingi, kioo au dishi la kuikusanya mahali padogo, muda wa kuishikilia palepale bila kuyumba, na hewa safi katikati. Likipungua moja, una tochi tu.

Siku hizi nguvu hiyo imepatikana, nanyi mnasoma habari zake kwenye simu zenu. Kuna miale ya leza ambayo majeshi hutumia kuchoma droni na makombora madogo: inakazwa sehemu moja ya ganda kwa sekunde kadhaa mpaka ganda linalegea au mafuta yanawaka. Kuna ile ya mawimbi mafupi ya redio, binamu ya mitambo yetu, ambayo haichomi ganda kamwe. Inapenya kupitia nyaya na antena na kuua vifaa vya elektroniki vilivyo ndani, na kwa sababu mwale wake ni mpana inaweza kuangusha kundi zima la droni kwa mara moja. Kuna nyingine ya kupasha ngozi joto ili umati utawanyike, na nyingine ya kupofusha macho, ambayo mataifa mengi yalikubaliana kuipiga marufuku. Zote zina ugonjwa mmoja, kwamba sehemu kubwa ya umeme inabaki kwenye mtambo wenyewe ikiwa joto, hivyo zinataka jenereta kubwa na kupozwa kwa nguvu. Tena mvua, ukungu na vumbi huzinyonya. Silaha ya leza ikiletwa Saboti mwezi wa Julai, asubuhi ukungu wa Mlima Elgon ukiwa umeshuka, mtu mwenye manati anaweza kuishinda.

Sasa linganisheni na mnara wetu wa Saboti. Mtambo wake ulitoa wati chache tu, chini ya balbu ya jikoni. Dishi lilizikusanya zikaelekea Bungoma, na kule dishi lingine likaokota kilichobaki, kidogo kiasi cha kutia huruma. Mnara wenyewe ulikuwa mwembamba, umeshikiliwa na waya nene zilizofungwa ardhini. Waya ikilegea kidogo mnara unajipinda, dishi linatazama kando, na Bungoma wanakosa simu. Kwa hiyo adui yetu alikuwa ng'ombe. Ng'ombe akiona waya iliyokazwa anaona mahali pa kujikunia, na kujikuna huko huvutia wenzake. Tuliomba ua wa maana, tukaambiwa tusubiri, nasi tulisubiri kwa miaka.

Hapo ndipo penye doa. Mafundi wa minara wakati ule walikuwa na dawa yao ya ng'ombe, nami niliirithi kutoka kwa waliotangulia. Tuliwaambia majirani kwamba dishi linachoma. Ati lilikuwa silaha ya serikali ya kulinda mpaka, na ng'ombe akipita chini yake figo zinaiva. Ilikuwa rahisi kuliko ua, na haikuhitaji sahihi ya mtu yeyote. Mimi niliitia chumvi. Nilichora kibao chenye fuvu la kichwa na ng'ombe aliyelala miguu juu, nikakipigilia getini, na nilijivunia mchoro ule.

Mlinzi wa mnara aliitwa Simiyu, mtu wa makamo, mpole, aliyekaa na mkewe katika nyumba ndogo ndani ya kiwanja. Jirani yake ng'ambo ya seng'enge alikuwa mkulima anayeitwa Kundu, mwenye maksai wawili wakubwa ambao hawakuogopa kibao changu. Siku moja niliwakuta wakijikuna, nikapandwa na hasira. Nikamwambia Kundu kwamba mwale wa dishi unaweza kuteremshwa chini, na kwamba Simiyu ndiye mwenye uwezo huo. Nikamwonyesha Simiyu swichi nyeusi ukutani mwa kibanda cha mitambo, nikamwambia mbele ya Kundu, "Wakirudi, zungusha hii mpaka mwisho." Nilimkonyeza. Nilidhani ameona.

Basi, mwaka mmoja mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa mvua za masika, nikapigiwa simu Bungoma, nilikokuwa nimehamishiwa, kwamba Kundu amekufa. Alikuwa akiwarudisha maksai nyumbani mchana, mvua ikianza, akipita kando ya seng'enge. Radi ilipiga mkaratusi uliokuwa hapo, ikafuata waya za seng'enge, ikamuua yeye na maksai wote wawili. Kwa fundi hakuna kitendawili hapo, radi hupenda waya. Lakini watu wa pale hawakuona radi. Waliona mtu aliyegombana na Simiyu saa chache kabla kuhusu maksai wale wale, akafa chini ya mnara wenye silaha, na ufunguo wa kibanda uko shingoni mwa Simiyu.

Nilipofika, mazishi yalikuwa yamepita. Mke wa Simiyu alikuwa amekimbilia kwao Bokoli, naye Simiyu alikuwa amejifungia ndani, hali, hazungumzi. Wanjala, kaka wa marehemu, alikuwa amempa muda mpaka siku ya kunyoa. Kwa desturi ya Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi familia hunyolewa nywele na watu hukaa pamoja, na mwenye neno lolote kuhusu marehemu hulisema hapo mbele ya wote. Wanjala alikuwa amesema kwamba baada ya maneno hayo, nyumba ya Simiyu itachomwa, na akiwemo ndani ni shauri yake.

Nilikwenda kwenye kikao kile peke yangu. Mdomo ulioponza ni wangu, ningemtuma nani? Wenye madai yao waliposema, nikasimama nikasema kwamba mimi ndiye niliyeeneza habari kuwa mnara unachoma, kwamba ulikuwa uongo wa kufukuza ng'ombe, na kwamba Simiyu hana mwale wowote wa kumpiga mtu. Wanjala alisema nimetumwa na serikali kutetea mtu wao. Nikaeleza habari za wati na balbu, jinsi silaha ya kweli ingehitaji jenereta kubwa kama nyumba na isingefichika kwenye kibanda. Waliniangalia kama mtu anayeuza dawa ya meno. Mwisho nikasema nipewe yai bichi nilipandishe mbele ya dishi saa nzima, nilishushe, tulipasue, waone kama limeiva.

Hapo ndipo Nafula alipozungumza, mjane mwenyewe, kichwa kimetoka kunyolewa. Hakupandisha sauti.

"Yai halina mke," alisema. "Kaa wewe pale mbele ya dishi."

Akaongeza kwamba Simiyu atolewe alikojificha, awekwe ndani ya kibanda, na akiambiwa azungushe ile swichi azungushe. Nikakubali papo hapo. Niliijua kazi yangu. Najua kanuni inasema usipite mbele ya dishi mtambo ukiwa hewani, nami niliwafundisha wenyewe kanuni hiyo, na ni kanuni nzuri. Siku ile niliivunja kwa makusudi, na ningeivunja tena. Nilikuwa na woga, ndiyo, lakini niliyemwogopa ni Wanjala na panga lake.

Tulikwenda mnarani watu kama sitini. Simiyu alifunguliwa mlango, akaingizwa kibandani akiwa hawezi kunitazama usoni. Nikavaa mkanda wa kupandia, nikapanda, nikajifunga kwenye nondo mbele ya dishi na kuweka kifua changu pale pale kwenye mdomo wake, ambapo mawimbi yote hutokea. Sikuhisi chochote ila upepo. Lakini mawasiliano yalikatika mara moja, na simu ya mafundi ikaanza kulia kule kibandani, bila shaka Kitale wakitaka kuuliza Bungoma imekwenda wapi. Hakuna aliyeipokea. Chini waliinua nyuso wakaniangalia, na nikiri kwamba nilianza kuona raha kidogo. Nilijiona nimeshinda.

Nafula akasema, "Simiyu, zungusha."

Akasema tena. Simu ikaendelea kulia. Kisha nikamwona Simiyu anatoka kibandani, anatembea mpaka chini ya mnara, anapiga magoti kwenye nyasi zenye maji.

"Siwezi," alisema. "Fundi, shuka bana. Shuka, utakufa kama Kundu."

Nikamwambia kwa sauti kwamba hakuna kitu, arudi azungushe. Akatikisa kichwa. Alikuwa analia, na aliposema hakuwa akisema nami tena, alikuwa akimwambia Nafula.

"Kundu mimi ndio nilimzungushia. Aliniita mbwa wa serikali mbele ya bibi yangu. Nikaingia ndani, nikazungusha hiyo kitu mpaka mwisho. Si muda mrefu radi ikakuja."

Nimepanda minara kwenye tufani, na nimening'inia kwa mkono mmoja mkanda ulipokatika, lakini sijawahi kuhisi kizunguzungu kama nilichokihisi wakati ule. Nilikuja kumtetea mtu asiye na hatia. Kumbe mtu huyo alikuwa ameamini kila neno langu tangu siku ile. Alilala miaka yote kando ya kitu alichodhani ni bunduki, akakilinda kwa uaminifu, na siku alipotukanwa akakielekeza kwa jirani yake na kufyatua. Nami ndiye niliyemwekea bunduki hiyo mkononi, nikicheka. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka.

Wanjala alikuwa ameshainua panga. Nikapiga kelele kutoka juu kwamba mwale ulikuwa kifuani mwangu tangu nilipopanda, kwamba haujazimwa, kwamba swichi ile haiuhusu kabisa. Sidhani kama mtu alinisikiliza, isipokuwa mmoja. Nafula alimpita Simiyu pale chini, akampita shemeji yake, akaingia kibandani peke yake. Nikamsikia akizungusha.

Feni ikaanza kuvuma. Ndiyo kazi ya swichi ile, kupoza chumba cha mitambo siku za jua. Akaizima, ikanyamaza. Akaiwasha tena. Alifanya hivyo mara tatu, polepole, na watu wote wakisikiliza. Kisha akatoka, akainua uso akanitazama.

"Hii ni feni," alisema.

"Ni feni, mama," nikamjibu.

Akamwambia Wanjala aweke panga chini, na Wanjala, ambaye hakuwa amemtii mtu wiki nzima, akaliweka. Kisha Nafula akaketi palepale kwenye nyasi akalia. Dada zake waliniambia baadaye kwamba hakuwa amelia tangu mumewe afe. Alikuwa amesubiri apate wa kumlaumu, na sasa palikuwa na mvua tu. Hakuna aliyethubutu kumgusa mpaka alipomaliza.

Nilishuka. Simu ya mafundi ilikuwa ingali inalia, nikaipokea, nikaandika katika kitabu cha matukio: kizuizi mbele ya dishi, mnyama mkubwa, ameondolewa. Mkitafuta kitabu hicho mtaliona neno hilo, na hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza ni mnyama gani. Nilipotoka nje, Simiyu alikuwa bado amepiga magoti, akimuuliza Nafula kama aondoke Saboti aende mbali asimwone tena.

"Uende wapi?" Nafula alisema. "Mvua ndiyo ilimuua. Lakini wewe ulitaka. Mahindi yake yameshikwa na magugu na maksai hawapo. Kesho mje na majembe."

Alisema mje. Nilisikia vizuri, ila nilijifanya nadhani anamwambia Simiyu na mkewe, ingawa mkewe alikuwa bado Bokoli.

Miezi iliyofuata nilizunguka minara yote nikikanusha uongo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Kule Bokoli walikasirika. Kule Sirisia walicheka sana, kwa sababu hawakuwahi kuuamini hata siku moja, na ng'ombe wao walikuwa wakilala chini ya mnara. Kibao changu nilikivunja. Ua niliupigania kwa barua mpaka ukajengwa, na huo mnaouona leo Saboti ndio huo. Lakini hayo yote yalikuja baada ya asubuhi ya kesho yake.

Nilikuwa nimepakia vifaa vyangu kwenye gari la kazi, nikiwa tayari kurudi Bungoma, ambako nilikuwa na sababu tano nzuri za kwenda. Simiyu alikuwa amesimama getini na majembe mawili. Alinipa moja, akatangulia.